Nyasi za Jangwani

Annonciata alikuwa amepiga magoti chooni, ghorofa ya nane, akikwangua ukoko wa chokaa chini ya bomba, Surjit alipochungulia mlangoni.

"Bahati nasibu ya Krismasi ya wenye ofisi imetoka. Wamebandika namba jikoni. Waridi, mia mbili kumi na nne. Mimi nimekosa."

Annonciata alivua glavu moja, akafungua pochi, akatoa kikaratasi cha rangi ya waridi. Wiki iliyopita Margaret, katibu wa mkurugenzi, alimkuta akisugua sinki akamtikisia kopo: pauni moja, ya watoto wagonjwa. Alitoa kwa sababu ya watoto, wala hakuitazama namba. Sasa aliitazama. Mia mbili kumi na nne.

Alikimbilia jikoni. Kando ya namba palikuwa na picha: wiki moja, watu wawili, tiketi za ndege na malazi, hoteli ya golfu katika jangwa la Arizona. Nyasi zilikuwa kijani kana kwamba zimepakwa rangi, zimezungukwa na mchanga na midungusi mirefu. Nyuma kabisa, milima. Annonciata aliruka nyasi zote akaenda kwenye milima, mmoja umepanda mgongoni mwa mwingine. Tangu aikimbie Bukavu mwaka wa tisini na sita, miaka minane iliyopita, na mtoto wa miaka saba mkononi, hakuwa ameona kitu kirefu ambacho hakikujengwa na binadamu.

Hapo hapo alimpigia simu binti yake Miradie, aliyekuwa bado kitandani nyumbani Lewisham.

"Amuka, mwanangu. Tunaenda kuona milima."

"Serious, Mum?" Usingizi ulimtoka msichana mara moja. "Can I tell people?"

"Waambie."

Surjit alikuja akakisoma kikaratasi, akakigeuza, akakisoma tena. Alikuwa Singasinga wa Kisumu, msimamizi wa kampuni ya usafi, na Kiswahili ndicho kilichowazoesha. Kila Jumapili alicheza golfu kwenye uwanja wa halmashauri kule upande wa Ilford, kwa fimbo za mtumba, miguu ndani ya tope.

"Mama, wewe unajua umepata nini? Huko hewa ni kavu. Unapiga mpira, unaruka, unaruka, na mlima uko mbele yako tu..." Akameza mate.

"Na nani anamwagilia hizo nyasi, jangwani?"

"Wapo watu. Wanaamka mapema, wageni wakiwa wamelala."

"Kama sisi, basi."

"Kama sisi." Surjit akacheka. "Nipeleke mimi niwe mtu wa pili. Nitakubebea fimbo."

Margaret alipofika, bado na koti, Annonciata alimwonyesha kikaratasi. Margaret alitabasamu, kisha tabasamu likabaki limekwama usoni kama limesahauliwa. Alimwomba asubiri kidogo. Akaingia kwa mkurugenzi na kufunga mlango wa kioo. Annonciata alimwona mkurugenzi akiinua macho, akimpima kuanzia viatu hadi aproni, kisha akirudia karatasi zake. Hakutoka. Surjit ndiye aliyeitwa ndani, akarudi na kopo la biskuti.

"Wanasema zawadi ni ya wafanyakazi."

"Na miye ninafanya nini hapa? Ninacheza?"

"Wafanyakazi wao, mama. Sisi ni watu wa kandarasi. Watachezesha upya saa sita. Wamekupa hizi."

"Shefu, pauni yangu ilikuwa ya kandarasi? Margaret aliishika kwa mkono wake."

"Sikiza. Mkataba wa jengo hili unaisha mwezi wa tatu. Wakikasirika, sisi wote tuko nje. Wewe una mtoto, mimi nina watatu."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliomchoma Annonciata zaidi. Alimwachia kopo lake mkononi.

Zamu ilipokwisha hakwenda nyumbani. Alitembea hadi mtoni, akarudi. Akalizunguka jengo. Akaketi kwenye ngazi za kanisa moja, baridi ikapenya sketi, akainuka tena. Kila alipotulia alimwona Miradie katikati ya wenzake shuleni, akionyesha kwa mikono ukubwa wa milima. Saa sita alipanda juu, aproni ikiwa bado kiunoni.

Wenye ofisi walikuwa wamejaa jikoni. Walimpisha, wakidhani amekuja kuondoa vyombo; bwana mmoja hata alimkabidhi bilauri tupu bila kukatiza mazungumzo yake. Annonciata aliipokea kwa mazoea, kisha akaiweka chini. Mkurugenzi alitia mkono kapuni.

"Buluu, arobaini na moja!"

Kijana mwenye tai ya rangi ya dhahabu aliinua mkono. "Tena Arizona? Nimetoka huko mwezi wa nne!"

Watu wakaangua kicheko.

"Ile namba ya kwanza ilikuwa yangu," alisema Annonciata. Kiingereza hicho alikuwa anakipanga tangu mtoni. "Nililipa kama nyinyi."

Kicheko kilikatika. Margaret alikodolea macho kapu. Mkurugenzi alitazama saa yake, akawashukuru wote, akawakumbusha kwamba vitafunio viko mezani.

Surjit alimshika kiwiko hadi kwenye lifti ya mizigo. Mlango ulipojifunga ndipo aliposema, "Umetuaibisha."

Lifti ilishuka polepole, ikinuka takataka. Kati ya ghorofa na ghorofa, sauti ya Surjit ilibadilika.

"Mimi nilinunua kumi."

"Kumi nini?"

"Tiketi. Margaret alichukua pauni zangu kumi, akaniambia, good luck, Surjit."

"Sasa ungeshinda wewe, shefu? Wangekupa?"

Surjit alitazama namba za ghorofa zikipungua. Mlango ulipofunguka alikuwa amekwisha kuuvaa tena uso wa usimamizi.

"Jumatatu utaenda Ilford. Kuna ofisi ndogo pale. Ni mbali, najua."

"Jumatatu nitakuja hapa. Ukitaka kunihamisha, njoo unihamishe mbele yao."

Jioni alimweleza Miradie kwa maneno machache. "It's fine, Mum," alisema mtoto, akaongeza sauti ya televisheni.

Jumatatu alfajiri kadi yake haikufungua mlango. Aliipitisha tena, taa nyekundu. Treni ya Ilford angeiwahi kama angegeuka wakati ule. Hakugeuka. Alisimama mvua ya rasharasha ikimnyeshea, na kulipokucha wenye ofisi wakaanza kufika.

"Good morning," alimwambia kila mmoja.

Wengine waliitikia. Wengine walikumbuka simu zao. Kijana wa tai ya dhahabu alimshikia mlango, akidhani amesahau kadi, kisha akamtambua, akauachia ujifunge taratibu.

Margaret alikuja akiwa amejikunyata chini ya mwavuli.

"Good morning, Margaret."

"Morning," Margaret aliiambia ardhi, akapita.

Ndani, nyuma ya kioo, Surjit mwenyewe alikuwa anasukuma mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia la mapokezi, maana hakupatikana mtu wa kushika zamu. Annonciata aligonga kioo mara moja, si kwa nguvu. Surjit alimgeuzia mgongo, na mashine ikaendelea kunguruma.