Zéro ya Cimpunda

Bafle, ile sanduku ya sauti, ilikuwa na kilo kumi na tano, na huku juu Cimpunda, mulima wa Bukavu, gari haifike. Iko tu escaliers, ngazi za udongo, nyumba juu ya nyumba, bati ya huyu inagusa ukuta ya ule. Ariane alizaliwa kule, anajua kila kona yenye kuteleza. Njo maana université ilimuchagua yeye, assistante wa miaka makumi mbili na saba, apandishe ile bafle mulango kwa mulango juu ya projet ya taksi za hewani.

Projet ilikuwa ya inchi tatu. Suède ya Ulaya inaleta mashini, Korea inaleta hesabu, Bukavu inaleta masikio. Njo vile chef de travaux Barthélemy, mukubwa wa Ariane ku kazi, alikuwa anaieleza, na hakuwa anacheka.

Taksi yenyewe ilikuwa haiyafika Kongo. Kulifika tu sauti yake, balikuwa bameikamata kule Suède: helisi nane zinazunguka juu ya paa, kama nyuki elfu mu bidon. Unaingia, unasalimia, unatia bafle katikati ya salon, unafungua sauti dakika tatu. Kisha unauliza swali moja yenye protocole, ile sheria ya projet, inakupa: "Hii kelele inakusumbua ngapi, kutoka zéro mupaka dix?" Zéro, haikusumbue hata kidogo. Dix, ile kumi, hauwezi kuivumilia.

Nyumba mia mbili na kumi na mbili. Mia mbili na tatu zilisema zéro. Saba zilisema un, moja tu. Papa mumoja alisema cinq, katikati kabisa, akaeleza kama tangu anazaliwa hapendake kuegemea upande. Na muzee Ezéchiel, mwenye masikio ilishafungaka zamani, alisema dix.

"Dix sur dix, mutoto yangu," akamushika Ariane mukono. "Umefanya muzuri."

Ku Nyalukemba ilikuwa ingine. Batu ba zile nyumba kubwa za pembeni ya ziwa balijibu ku simu, kila mutu peke yake na écouteurs ku masikio. Moyenne yabo, ukibagawanya bote: huit, nane.

Wakati banaweka hesabu zote pamoja mu réunion ku ordinateur, Professeur Henrik wa Suède alisogea karibu na écran.

"Hapa kwetu ni six. Séoul, sept," akasema mu kifaransa chake cha polepole. "Cimpunda ni zéro virgule un. Sijaona hii fasi yoyote."

"Batu betu bako na uvumilivu," Barthélemy akajibu, kama mutu mwenye banasifu mutoto yake.

Ikafuata carte, ramani ya njia. Mashini ya majaribio ilipashwa kutoka Mudaka, kule mu mashamba, kuingia mu ville kila dakika kumi na tano, kuanzia saa kumi na moja ya asubui, miezi sita. Njia zilikuwa mbili: kupita ku ziwa mbele ya Nyalukemba, ao kupita juu ya Cimpunda. Huit upande huu, zéro upande ule. Henrik alivuta mustari mwekundu juu ya Cimpunda, na hakuna mwenye alikuwa na sababu ya kumuzuia. Article, andiko ya ule utafiti, itatoka na ile carte, na mu majina ya ba-auteurs, benye kuiandika, ya Ariane ni ya tatu. Kwa ile jina, Suède ilikuwa inamungojea kwa doctorat mu mwezi wa tisa.

Siku ile alipanda kwa mama yake. Maman Adolphine alikuwa anachagua maharagi ku mulango.

"Maman, siku ya bafle, juu ya nini ulisema zéro?"

"Ningesema ngapi?"

"Yenye ulisikia."

"Nilisikia kichwa inapasuka. Nilimeza paracétamol mbili."

"Na ukasema zéro."

Maman alitosha jiwe mu maharagi, akaiangalia, akaitupa. "Mutu anapanda huku mu mvua, anabeba kitu yake kubwa hivi, anaingia mu nyumba yangu. Nimuambie: ile kitu yako iko mubaya? Nani alinilea vile?"

"Ilikuwa mimi, maman. Mutoto yako."

"Ulikuwa na badge. Tena uliniita Madame. Mwenye ananiita Madame ni mugeni."

Ariane alikaa chini pembeni yake. Akamueleza mustari mwekundu, robo saa kwa robo saa, miezi sita. Maman alisikiliza mupaka mwisho, mikono haikusimama.

"Miye nitavumilia," akasema. "Lakini Mama Gloire wa hapa chini, ule hapana. Gloire eko sentinelle, analinda usiku, analalaka muchana. Mama Gloire umuandikie neuf. Neuf et demi."

"Mama Gloire naye alisema zéro."

"Basi alikudanganya."

Ariane alishuka escaliers kumi na mbili. Mama Gloire alikuwa anasugua sufuria na majivu.

"Kwangu? Zéro, haina shida. Lakini mama yako, masikini, na ile tension yake..." Alisimamisha kusugua. "Mutilie huit. Hapana, tia neuf, asitukufie."

Kesho yake, Ariane alirudilia mulango ya kwanza, bila badge na bila bafle. Sauti balikuwa bameisikia, hakuna mwenye aliisahau. Swali moja: jirani yako angesema ngapi? Siku tatu alitembea. Batu bale bale benye balikuwa banasema zéro na kumufungulia mulango atoke, sasa banamutafutia kiti. Kulikuwa maman mumoja alipatia majirani batano kila mutu cote yake, na observation kama ku bulletin ya masomo. Papa wa cinq aliulizwa naye.

"Jirani yangu? Ule anaegemeaka. Dix."

Moyenne ilitoka huit virgule sept.

Barthélemy alisoma ile karatasi mara mbili. "Nani alikupatia ruhusa ya kubadilisha swali?"

"Hakuna."

"Université tatu zilisaini protocole. Swali ni moja Suède, moja Séoul, moja hapa. Weye unaniletea maneno ya majirani."

"Chef, ile zéro ni ya adabu."

"Adabu haina colonne mu tableau."

"Chef unakaa Nyalukemba, si vile? Ulijibu ngapi?"

Barthélemy alitosha miwani, akaipanguza na shati. "Neuf," akasema. "Lakini nilikuwa peke yangu."

Kisha akamuonyesha ukurasa wa mwisho wa protocole. Mwenye alikusanya majibu njo anasaini kama ni mawazo ya kweli ya batu. Muda ni vendredi saa sita. Akisaini, zéro inaenda. Asiposaini, Bukavu inatoka mu article, yeye na chef wake pamoja.

"Mwezi wa tisa utakuwa Suède," Barthélemy akasema, "ao utakuwa hapa na mimi, tunafundisha statistique mu salle yenye haina vitres ku madirisha. Fikiri muzuri, ma fille."

Vendredi, saa tano na nusu, Henrik alikuwa ku écran, na Docteur Seo-yeon wa Séoul, na bale bengine bamezima caméra. Henrik alisifu swali ya jirani. Alisema itaingia mu perspectives, mambo ya kutafuta kesho, ku mwisho wa article. Lakini leo banatumika na hesabu zenye zinalinganishwa.

"Ariane," Seo-yeon akauliza, "bale ba zéro beko na miaka ngapi?"

"Miaka yote, Docteur."

"Hapa babibi betu ba miaka makumi saba na zaidi nabo balisema zéro. Tulibatosha mu hesabu. Tulifikiri habasikie."

Henrik aliandika kitu ku karatasi yake. Ariane alisoma ule mustari wa kusaini mara ingine, neno kwa neno, kifaransa chenyewe kilikuwa chepesi. Karibu yake Barthélemy alikuwa anaangalia saa ku ukuta.

"Siwezi kusaini," Ariane akasema. "Batu habakusema vile banawaza."

Hakuna mwenye alimugombeza. Henrik alisema anaelewa, na kweli alikuwa na sura ya mutu mwenye kuelewa. Bila sahihi, Cimpunda haina hesabu. Bila hesabu, mustari hauwezi kupita juu yake, na ku ziwa huit ilikuwa inakataza. Bakaifuta carte yote. Majaribio yataenda mu ville ingine, yenye haiyachaguliwa. Saa sita na dakika mbili, réunion ilikuwa imeisha, na Barthélemy alikuwa ameshatoka bila kufunga mulango.

Article ilitoka mwezi wa saba na ville mbili. Ariane aliifungua ku simu ku mulango kwa mama yake, akateremuka ku majina, hakuna lake, akazima.

"Ile mashini haitapita tena, maman."

"Ah. Ni sawa." Maman alimusogezea sahani. "Na Suède?"

"Haiko tena."

Maman Adolphine alimuongezea maharagi. Chini, mutu alikuwa anaita Gloire aamuke.

"Itamuuma Mama Gloire," akasema. "Alikuwa anapenda sana uende."