Meno ya Picha ya Arusi

Mukarutesi alikulia chini ya milima ya moto, kaskazini mwa Rwanda, ambako maji ya visima huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia na hakuna anayeshangaa, maana kila mtu yuko hivyo. Kuziba mdomo kwa kiganja anapocheka alijifunzia Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka 1995. Pale kambini watu walimtazama mdomoni kabla ya kumtazama machoni.

Zénon peke yake hakuyajali meno hayo. Alikuwa fundi cherehani, Mrundi wa Bujumbura, mwenye ulimi mtamu. "Mi napenda we muzima muzima," alimwambia alipomchumbia, naye Mukarutesi akaamini.

Mambo yaligeuka siku Zénon alipompeleka kwa shangazi yake, Tantine Carelle, aliyemlea tangu utoto. Carelle alipokea zawadi ya sabuni na chumvi, akashukuru vizuri, kisha akamgeukia Zénon, Mukarutesi akisikia.

"Sasa batoto bako batazaliwa na meno gani? Na kwa picha ya arusi, atafunga kinywa?"

Zénon alicheka. Alicheka kwa aibu, lakini alicheka.

Siku chache baadaye alikuja na kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho, sasa kimejaa maji yasiyo na rangi. Alikuwa amekinunua kwa Bucumi, aliyeuza sokoni vidonge vya rejareja na krimu za kung'arisha ngozi.

"Bucumi anasema hii njo dawa ba-dentiste banatumiaka Bulaya. Unachovya pamba, unasugua, basi."

"Ulisema unapenda mi muzima muzima."

"Napenda. Ni juu ya picha tu, chérie. Picha inabakiaka."

Mukarutesi alikuwa ameshajaribu mkaa, chumvi na limau. Fizi zilitoka damu, rangi ikabaki palepale. Akachovya pamba. Dawa ilichoma hadi machozi yakamtoka, naye akaendelea kusugua, leo na kesho na keshokutwa, mpaka meno yakawa meupe kweli, weupe wa chokaa usio na mng'ao. Zénon alimnyanyua juu kwa furaha. "Sasa tuko na mariée, bibi arusi wa kweli," akasema Tantine Carelle. Mukarutesi alipita sokoni akisalimia hata watu asiowajua, ilimradi tu afungue mdomo.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi. Kwanza maji ya bomba yalianza kumkata kama wembe. Kisha ikawa hewa ya asubuhi. Halafu siku moja akila nsima, ugali wa Malawi, chakula laini kama kile, jino la mbele likameguka.

Zénon aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akampeleka Lilongwe kwa daktari wa meno mwenye kliniki yake binafsi. Alikuwa Mmalawi wa makamo aliyesomea Dar es Salaam, kwa hiyo walielewana. Alimulika, akatazama kwa muda, akaomba kuona kichupa. Akakinusa, akadondosha tone kwenye karatasi fulani, akakiweka mbali.

"Binti yangu, haya ni maji ya betri, yamezimuliwa kidogo tu. Rangi yako ilitokana na maji uliyokunywa utotoni. Meno yenyewe yalikuwa mazima. Na watoto wako hawawezi kurithi kisima."

Zénon alikohoa. "Na kufanya meupe, docteur, hapa munafanyaka?"

"Tunafanya. Tunachukua umbo la meno, tunatengeneza kifuniko chembamba, mtu anatia dawa kidogo na kukivaa nyumbani. Angekuja mapema ningempunguzia ile rangi polepole. Sasa ganda la juu limeliwa. Naweza kuziba palipomeguka. Lililoliwa halioti tena."

"Itaacha kuuma?" Mukarutesi aliuliza.

"Itapungua," daktari alijibu huku akinawa mikono.

Wakati wa kurudi walishuka Lumbadzi kungoja matola, gari la mizigo linalobeba abiria, liwapeleke kambini. Zénon aliingia dukani, akatoka na Fanta mbili zinazotoka jasho kwa ubaridi, akampa moja.

"Kunywa, chérie. Usihuzunike. Kwa picha utafunga tu kinywa kidogo, hakuna mwenye atajua."

Mukarutesi aliishika chupa, akamtazama Zénon akigugumia ya kwake, macho amefumba kwa utamu.

"Zénon, kwa ile picha mi siko."

"Unasema nini?"

"Tafuta mwingine."

Zénon alidhani ni hasira ya maumivu, itapita. Haikupita; wiki hiyohiyo posa ilirudishwa kwa Tantine Carelle.

Kesho yake Mukarutesi alikwenda sokoni kwenye meza ya Bucumi. Bucumi hakukimbia wala hakuinuka. "Ulitia mingi," alisema tu. Wasichana watatu walikuwa wamesimama pale wakichagua. Mukarutesi aliwageukia, akaupanua mdomo wote, akawaacha watazame meno yaliyoliwa na lile lililovunjika.

Walitazama. Mmoja alishika shavu lake mwenyewe. Kisha akainama kwa Bucumi, akauliza kwa sauti ya chini:

"Iko ingine yenye haiko kali sana?"