Babu wa Nyumba ya Tatu

Meneja wa kampuni iliyopangisha watalii nyumba za kale alikuwa akipanga visabuni bafuni, nyumba ya tatu kutoka baharini, aliposikia mtu akikohoa sebuleni. Akatoka. Mzee mwenye fulana na suruali iliyofungwa kwa kamba alikuwa amekaa dirishani, anajikuna goti. Alikuwa amekufa miaka mingi, na nyumba ilikuwa yake.

Kosa lilikuwa la mtaalamu wa ukarabati. Bwana huyo, maringo tele, aliikataa saruji katakata. Alitaka kila kitu kirudi kama zamani: chokaa ileile, mbao zilezile, hata ufa wa juu ya mlango aliuchonga upya kwa patasi. Mafundi walimwambia, "Bosi, hapa inatosha." Wapi! Basi kila kitu kikarudi, mwenye nyumba akiwemo.

Mtaalamu alipoitwa, alimzunguka mzee, akamgusa bega, akasema kazi imetoka safi. Alipewa tuzo.

Wageni walimpenda. Walikuja na masanduku ya magurudumu na kofia pana kama sinia, wakalala kwenye kitanda cha mzee, wakamwomba asogee kidogo maana alikuwa anaziba mwanga. Walisifu kwamba nyumba ina uhai. Wenye uhai walikuwa wameshafukuzwa mtaa mzima, eti wanazichakaza nyumba.

Mmoja wa waliofukuzwa alikuwa mjukuu wa mzee, mshonaji, ambaye sasa alibanana na wanawe kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji. Alitolewa kwa sababu hakuwa na shahidi kwamba babu alimwachia nyumba. Aliposikia babu karudi, aliacha cherehani na nguo ya mteja juu yake, akaenda kumleta hakimu.

"Nyumba nilimpa huyu," mzee akamwambia hakimu. "Nilitamka mbele ya mama yake, nikiwa na akili zangu."

Hakimu akanywa maji baridi ya meneja, akajifuta mdomo, akaamua. Mzee amerudi kwa chokaa ya kampuni na mafundi wa kampuni. Kwa hiyo ni sehemu ya ukarabati, sawa na mlango, na mlango hautoi ushahidi.

"Basi nipeni babu yangu," mshonaji akasema. "Nyumba kaeni nayo."

"Dada, vitu vya asili hatuving'oi," meneja akamjibu, bila hata haya. Loh! Kuna watu wana macho makavu.

Jumapili mshonaji akarudi, akasimama nje ya dirisha. Ndani wageni walikuwa wanakunywa chai.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unachomwa na jua? Ingia, hapa ni kwako."

Mlinzi akamzuia mlangoni. Mzee akainuka, akapiga meza ngumi, vikombe vikaruka.

"Mwacheni mtoto wangu aingie! Nyumba yake hii! Nimempa mimi!"

Akalia, na machozi mazito ya chokaa yakamtiririka hadi kwenye fulana. Nje, mjukuu wake naye alikuwa analia, huku mlinzi amemshika mkono.

Wageni wakaweka vikombe chini, wakapiga makofi. Mama mmoja akamwita meneja pembeni, akamuuliza kama mzee atarudia jioni, maana mumewe alikuwa bado amelala.