Gari la Kiuyu Halina Tiketi

"Tiketi moja ya Kiuyu, tafadhali," alisema Ngwali, na muuza duka akamtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kivuli.

"Tiketi?" Mzee Ishak akaliweka chini kopo la kupimia sukari. "Kuno gari hazina tiketi, bwana. Gari ile pale. Nenda kapande."

Hilo lilikuwa dirisha la tatu tangu ateremke Konde, kaskazini ya Pemba. Usimcheke. Ngwali alizaliwa hukohuko Kiuyu, lakini miaka kumi na tisa alikuwa mkata tiketi wa mabasi ya mjini Dar es Salaam, na kila siku aliwafokea wageni walioparamia mlango mikono mitupu: "Dirishani kwanza." Alidhani na Konde sasa mambo yamebadilika. Kazi yake aliipenda kwa sababu moja ambayo hakupata kumwambia mtu: dirishani hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani. Unapitisha tiketi kwenye tundu, mkono unaichukua, yamekwisha.

Mamaake, ambaye ugonjwa wake ndio uliomrudisha, alikuwa amefariki alfajiri, yeye akiwa bado melini. Dadaake Zulekha alimpigia simu alipokanyaga gati tu. "Kaka, tunazika baada ya sala ya Ijumaa. Hawatangoja zaidi. Fanya uwahi, weye ndo wa kuingia kaburini kumpokea." Zulekha hakuwa na ndugu mwengine mwanamme. Sasa ilikuwa saa tano na nusu.

Gari lenyewe lilikuwa lori dogo lenye mabenchi ya mbao na turubai juu. Ndani walikaa watu wanne watano tu, lakini kila nafasi ilikuwa na pakacha, au kikapu, au kandambili moja. Hiyo ndiyo tiketi ya watu wa Kiuyu: unaweka kitu chako, unakwenda zako sokoni, na hakuna atakayekigusa. Ngwali alipokuwa akihangaika na madirisha, mapakacha yalikuwa yameshalijaza gari.

"Pamejaa, bwana," alisema Silima, utingo wa gari hilo. "Labda kama wendea maziko ya Bi Mwanawema. Wa maziko tutawabana, hatuwaachi."

Ngwali akafungua mdomo aseme kuwa huyo ni mamaake. Wakati huohuo mwanamke aliyeketi mbele, amepakata ndoo ya mchele wa msibani, akamgeukia mwenzake.

"Maskini Bi Mwanawema. Ana mwana wa kiume huko Bara, na ni kama hana. Babaake kafa, hakuja. Leo ndo aje?"

"Mwache, Bi Moza. Pengine yu njiani."

"Njia gani ya miaka kumi na tisa?"

Bi Moza alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta. Ngwali alimjua mara moja. Yeye hakumjua Ngwali, kwa kipara kile na kitambi. Babaake alipofariki, Ngwali alikosa nauli. Nauli ilipopatikana, arubaini ilikuwa imeshapita, na tangu hapo kilichomzuia ni aibu, na aibu haina nauli ya kuichangia.

"Wa nani weye?" Silima aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo mtu anavyopewa nafasi kule.

Jina la babaake lilimfika Ngwali mpaka kwenye meno, likakaa hapo.

"Mie mgeni tu," akasema. "Ntangoja jengine."

"Jengine baada ya sala, inshaallah."

Watu wakaja wakaketi penye mapakacha yao, Silima akagonga bati, gari likaondoka. Halijafika mbali Ngwali alikuwa ameshajuta. Alikimbia, mkoba ukimpigapiga kiunoni, akaita, "Mie mwanawe! Nisubirini!" Injini ilikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Akarudi akihema hadi kwa waendesha bodaboda, akawakuta wanafunga pikipiki zao. "Ijumaa hii, mzee wangu," mmoja alimwambia kwa upole. "Tusali kwanza." Maduka nayo yakafungwa, moja baada ya jengine, na Ngwali hakuwa na pa kwenda ila msikitini.

Baada ya sala, imamu alichukua kipaza sauti. "Msiondoke, ndugu zangu. Tumsalie maiti ghaibu, asiye hapa mbele yetu. Bi Mwanawema binti Shaame, wa Kiuyu."

Safu zikasimama upya. Ngwali alikuwa safu ya nyuma, karibu na viatu. Saa hizo Kiuyu walikuwa wameshaliinua jeneza, na mtu mwengine alikuwa akikunja kanzu yake ateremke kaburini. Sala ya maiti haina rukuu wala sijda. Unasimama tu tangu takbira ya kwanza hadi ya nne, na uso wako huna pa kuuficha. Ngwali alilia waziwazi, na hakuweza kujizuia.

Walipotoa salamu, mtu wa kuliani kwake alikuwa Mzee Ishak. Mzee aliutazama uso ule uliorowa, kisha akampa mkono.

"Allah akulipe, bwana," alisema polepole. "Mgeni weye, humjui, na wamlilia hivi. Laiti mwanawe angekuwa na moyo kama wako."

Ngwali aliushika ule mkono. Watu walitoka, wakavaa viatu vyao, msikiti ukabaki mtupu, na Mzee Ishak akangoja kwa adabu mgeni amwachie.