Mashavu na Wingu la Dawa

Mtaa mzima ulimwita Mashavu, kwani alipoweka tarumbeta mdomoni mashavu yake yalivimba mpaka watoto wakasogea nyuma wakihofia yatapasuka. Dada yake, fundi cherehani, alikuwa kinyume chake. Mchana kutwa alibana pini midomoni, na aliyemsalimu alijibiwa kwa nyusi. Mama yao alisema pini zile ni kisingizio tu cha kutosema.

Mwezi huo pumu ya Mashavu ilirudi kwa fujo. Mara mbili alikatiza mazoezi ya bendi, akakaa kwenye ngazi akihema, kifua kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Kiongozi wa bendi alimwambia kwa upole kwamba harusi ya mdogo wao wa mwisho imebaki wiki tatu, na ile noti ndefu ya kumpokea bibi harusi haikatwi katikati. Asipokuwa sawa kwenye mazoezi ya mwisho, itapigwa na mwingine. Noti hiyo Mashavu alimwahidi mdogo wake tangu binti akiwa kibogoyo wa meno ya utoto.

Lawama zote akazitupia dawa. Zahanati ilimpa inhela mbili, vichupa vya dawa vya kubonyezea mdomoni. Ya bluu ni ya kutumia kifua kinapobana. Ya kahawia ni ya kuzuia, abonyeze mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, hata akijisikia mzima. Alifanya hivyo bila kukosa, lakini wapi. Sasa alisema ataongeza mwenyewe, abonyeze mara sita, dawa ijue yeye ni nani.

Asubuhi moja dada alikuwa dirishani akishona gauni la bibi harusi. Kaka akasimama kwenye mwanga wa jua, akatikisa inhela ya kahawia, akaibana midomoni, mashavu yakatuna, akabonyeza huku akipuliza kwa nguvu zake zote. Wingu jeupe likaruka juu ya kichupa, likaelea, likatua taratibu kwenye gauni.

Mguu wa dada ukasimama kwenye pedali. Aliona kosa, ila ulimi ukawa mzito. Utamwambiaje mtu aliyepiga tarumbeta miaka ishirini kwamba hajui kutumia mdomo? Akabana pini zake, akaendelea kushona.

Kesho yake alimsindikiza zahanati. Mfamasia, mama mmoja mnene mcheshi, aliuliza kama dawa anaitumia kama alivyoelekezwa. Mashavu akaapa. Basi mfamasia akachukua kalamu, akasema atampeleka kwa daktari, huenda dozi ikapandishwa.

Dada akapapasa midomo yake. Pini alikuwa ameziacha nyumbani.

"Anapuliza," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Dawa huivuti, kaka. Unaipuliza kama tarumbeta. Gauni la mdogo wetu ndilo linalotibiwa."

Mfamasia akampa Mashavu inhela tupu ya mazoezi, akamwomba aonyeshe. Mashavu akatunisha mashavu. Mama yule akacheka mpaka akavua miwani.

"Miaka ishirini watu wananilipa nitoe pumzi," Mashavu akajitetea. "Nani aliniambia kuna kazi ya kuiingiza?"

Akafundishwa upya. Tikisa. Toa pumzi polepole kwanza, inhela ikiwa mbali na mdomo. Kisha ibane kwa midomo, bonyeza huku ukivuta taratibu, zuia pumzi, hesabu mpaka kumi. Ya kahawia ukimaliza, sukutua mdomo na uteme maji. Dozi usiongeze mwenyewe hata kidogo, na ukijikuta unaikimbilia ya bluu kila mara, njoo tukuone. Ikishindwa kukutuliza, njoo saa hiyo hiyo.

Tangu hapo kila asubuhi nyumba iliamshwa na Mashavu akisukutua kwa sauti kubwa kuliko bendi. Siku zilivyopita, ngazi ya ukumbi wa mazoezi ikakosa mteja. Mazoezi ya mwisho kiongozi alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa tu na kumwachia noti yake.

Siku ya harusi bibi harusi akatokea mlangoni. Mashavu, inhela ya bluu mfukoni, akainua tarumbeta. Dada, pembeni ya ukuta, akaanza kuhesabu kimoyomoyo kama walivyofundishwa. Kumi ikafika, noti bado imesimama wima. Kumi na nne, bado. Kumi na tisa akapotewa na hesabu, kwa kuwa alikuwa anapiga vigelegele, yeye mwenyewe, mbele ya watu wote.