Nyota ya Ishirini na Nne

Jumanne moja ya Februari 2015, saa kumi na nusu jioni, Kostansia aliingia chumba cha kufulia cha jengo alilopanga kule Shively, kusini-magharibi mwa Louisville, jimbo la Kentucky, akiwa na kikapu cha sare zake za kazi. Alimkuta mwanamke ameketi juu ya mashine ya kukaushia nguo namba tatu. Gauni lake la kitambaa kizito lilikuwa limelowa mpaka kifuani. Maji yalichuruzika kutoka kwenye pindo, yakafuata mteremko wa sakafu, yakaishia kwenye tundu la maji machafu. Ukutani palikuwa na tangazo la meneja: wapangaji wanaombwa wasiwaruhusu watu waliotoka mtoni kutumia mashine za kukaushia, kwa kuwa nguo zao hazikauki na mashine zinaungua.

Kostansia alilisoma tangazo, kisha akaziweka sare zake kwenye mashine namba moja.

"Umetoka mbali?" aliuliza.

"Hapo tu, kwenye maporomoko ya mto Ohio. Niliruka kutoka kwenye boti."

"Lini?"

"Mwaka wa ishirini na mbili."

Kostansia alimtazama kitambaa cha kichwani na miguu isiyo na viatu, akaelewa kwamba ni elfu moja mia nane ishirini na mbili.

Mwanamke yule aliitwa Kezia. Kiingereza chake kilikuwa cha zamani, cha kuvutavuta, lakini Kostansia alikielewa vizuri kuliko cha msimamizi wake kazini. Alimpandisha ghorofani akampa sweta. Sweta likalowa. Akampa la pili, nalo likalowa. Basi akaweka beseni chini ya kiti, wakala ugali na maharage.

Kostansia alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alipokuwa na miaka tisa alivuka mto Malagarasi kutoka Burundi kuingia Tanzania, mdogo wake Yoeli akiwa mgongoni, na alikulia kambini mpaka walipoletwa Marekani. Sasa alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwageuza vitandani. Hakuwa mtu wa kumwuliza aliyetoka mtoni kwa nini amelowa.

Jioni alikuwa akijisomea maswali ya mtihani wa uraia, na Kezia alisikiliza. Walipofika kwenye swali la kwa nini bendera ina nyota nyingi, Kostansia alijibu kama alivyofundishwa, kwamba kila jimbo lina nyota yake.

"Nazijua hizo," Kezia alisema. "Nilikuwa nawahudumia mezani. Wakubwa walikuja kula kwa bwana wangu, wakazungumza siasa mpaka mishumaa ikaisha. Nchi inakua, walisema. Kila jimbo jipya likiingia waliinua glasi, na kesho yake mtu aliuzwa, akatoweka jikoni. Nyota ya ishirini, ya Misisipi, alikwenda dada yangu. Ya ishirini na mbili, ya Alabama, alikwenda binti yangu. Mashamba mapya yalitaka mikono. Ya ishirini na nne ilikuwa ya Missouri. Hiyo ilikuwa yangu."

Kostansia alifunga kijitabu. Alimwuliza alikuwa anataka kwenda wapi.

"Kaskazini. Kuna mji unaitwa Buffalo. Mbele yake kuna mto, na ukishavuka huulizwi kitu. Kila mwaka najaribu, ila kwa miguu sifiki mbali."

"Mimi nina gari," alisema Kostansia.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Kwenye daraja la Cincinnati, pale Kentucky inapoishia na Ohio kuanza, karani mwenye koti refu la bluu alikuwa ameweka meza kwenye njia ya kulia. Magari mengine yaliwasha taa za pembeni, yakamzunguka. Kostansia alishusha kioo akatoa grini kadi yake ya ukaazi. Karani aliigeuza pande zote mbili, akaisifu picha.

"Na huyu?"

"Tuko pamoja."

Karani alimsomea sheria ya mwaka 1807. Mtu mweusi akiingia katika jimbo la Ohio ana siku ishirini za kuleta watu wawili wenye ardhi, watakaotia sahihi kwamba hatakuwa mzigo kwa mtu.

"Mimi pia ni mweusi," alisema Kostansia.

Karani alifikiri. "Wewe kuna shirika lilikudhamini," alisema, akaandika jina la Kezia kwenye daftari lake, akawaruhusu wapite.

Yoeli alikuwa amenunua nyumba Gahanna, humo humo Ohio, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, na alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Mkewe, Agata, alimpokea Kezia kama wageni wengine, akamtandikia kule chini kwenye chumba cha mashine, ambako sakafu ilikuwa na tundu la maji. Kostansia alirudi kazini Louisville, akawa anakuja kila mwisho wa juma. Kezia hakuwa mzigo. Alimenya viazi, alipiga deki maji yake mwenyewe. Agata alimvalisha mtoto mchanga koti la mvua ndipo akampa Kezia ambebe, na mtoto, aliyekuwa msumbufu kwa kila mtu, alilala.

Mchungaji Salvatori wa kanisa la akina Yoeli, aliyekuwa na nyumba yake, alitia sahihi Jumapili ya kwanza baada ya ibada. Ilibaki sahihi moja. Kostansia mwenyewe hakuwa na ardhi mahali popote duniani.

Wiki ya tatu alimkalisha Yoeli jikoni, karatasi ya dhamana ikiwa mezani.

"Dada, usinitazame hivyo," Yoeli alisema. "Si kwamba simpendi."

"Basi tia sahihi."

"Faili langu la uraia liko mezani kwa watu wa uhamiaji. Wataniuliza kama nimewahi kusaidia mtu kuingia mahali kinyume cha sheria. Nitasemaje?"

"Sheria hiyo ni ya mwaka 1807, Yoeli."

"Karani si yuko kwenye daraja? Basi ipo."

Agata alikuwa amesimama kwenye sinki, amewapa mgongo. Bomba lilikuwa wazi na hakuna alichokuwa akiosha.

"Tulipofika ng'ambo ya Malagarasi," Kostansia alisema, "yule mzee wa Kiha aliwaambia askari kwamba sisi ni wajukuu zake. Hatukuwa tumemwona hata siku moja."

"Namkumbuka."

"Hukumbuki. Ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Mimi ndiye ninayekumbuka."

Yoeli alisukuma karatasi kidogo kwa kidole, ikasogea upande wa dada yake. "Mzee yule alisema kwa mdomo," alisema. "Hakuna aliyemwambia aandike jina lake."

Kostansia aliteremka chini. Kezia alikuwa amekwisha kunja blanketi. Sakafu za nyumba zile ni mbao tu, na sauti hupita.

"Usigombane naye," alisema Kezia. "Ana watoto."

"Na wewe ulikuwa na mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia."

Siku ya kumi na tisa kati ya zile ishirini waliondoka kwenda Buffalo. Kostansia alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili kazini, akisema ana msiba, na hakuona kwamba amedanganya. Kutoka Cleveland walifuata ziwa. Lilikuwa limeganda mpaka upeo wa macho, na theluji ilipita juu yake kwa mistari. Kezia alikuwa na taulo nne chini yake. Aliuliza majina ya miji kwenye vibao, akayarudia polepole.

Walifika saa saba mchana. Chini ya daraja kubwa la mpakani maji ya mto hayakuganda, yalikwenda kasi yakiwa na vipande vya barafu. Ng'ambo, ambako ni Kanada, mtu mwenye koti jekundu alikuwa akitembeza mbwa. Wangeweza kuhesabu miguu ya mbwa.

Wanaume wawili walikuwa wakiwasubiri kwenye maegesho, pamoja na mkokoteni wa farasi wawili. Walivua kofia kumsalimu Kostansia. Walikuwa na hati iliyosema kwamba Kezia ni mali ya mtu wa Louisville. Kando yao, ndani ya gari dogo la kijivu, hakimu alikuwa akila mkate wenye nyama. Alijifuta vidole, akaisoma hati yote bila haraka.

"Iko sawa," alisema.

"Si sawa," alisema Kostansia.

"Nasema maandishi yako sawa. Kuna karatasi nyingine? Dhamana kutoka Ohio?"

Kostansia alimpa ile ya Columbus. Hakimu aliikagua, akaweka kidole pale palipokuwa wazi.

"Ina sahihi moja. Ingekuwa na mbili ningekuwa na karatasi mbili za kupima, na pengine tungekaa hapa mpaka jioni tukibishana. Sasa ninayo moja tu."

"Acha nitie mimi sahihi ya pili."

"Una ardhi?"

"Nimepanga."

Hakimu alisikitika, ilionekana wazi. Alimrudishia karatasi, akapandisha kioo kwa sababu ya baridi.

Kostansia alimshika Kezia mkono. Ulikuwa wa baridi na wenye misuli, mkono wa mtu aliyebeba sinia nzito miaka mingi. Alimwambia akimbie, maji yako hatua thelathini. Kezia aliutazama mto, akamtazama mwanamume mmoja ambaye tayari alikuwa amesimama kati yake na maji. Akanyoosha mikono mbele. Walimfunga kamba, na kamba ikaanza kuchuruzika maji.

"Endesha polepole," Kezia alimwambia. "Barabara inateleza."

Mkokoteni uliingia barabara kuu ya kwenda kusini, ukashika njia ya kulia. Magari yaliupisha. Kostansia aliufuata nyuma kwa mwendo wa farasi, taa za dharura zikiwaka, kwa saa nne. Halafu giza likaanza kuingia, na yeye alitakiwa kuwa kazini Louisville saa kumi na mbili asubuhi. Akawasha taa ya kushoto, akaupita. Alilia mpaka Cleveland, kisha akanunua kahawa.

Siku tisa baadaye Yoeli alipiga simu mchana.

"Wamepita hapa," alisema.

"Umemwona?"

"Nilitoka nje. Walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu."

"Alikuona?"

 Nyuma ya Yoeli mtoto wake mkubwa alisikika akimwita kwa Kiingereza.

"Alinisalimia," alisema. "Akauliza kama mtoto analala siku hizi."

 Kisha Yoeli alisema kwamba anaingia kazini, wakaagana.

Mwishoni mwa Machi mto Ohio ulijaa na boti za kwenda kusini zikaanza kuondoka. Siku moja, kabla ya zamu yake ya saa tisa mchana, Kostansia alikwenda kusimama kwenye uzio wa mfereji unaokwepa maporomoko. Palikuwa na watu wengine pale, wengine wakila chakula cha mchana. Boti ya Kezia ilikuwa ya tatu kwenye foleni, nyuma ya matishari mawili ya makaa ya mawe. Waliofungwa walikuwa wameketi mbele, kama arobaini, nguo zao zikiwa kavu, isipokuwa za mmoja. Safari hii kamba yake ilikuwa fupi, haikufika ukingoni mwa boti.

Tishari la kwanza likapita, likafuata la pili. Kwenye kibanda chake mlinzi wa malango ya mfereji aliangalia karatasi za boti, akaona hazina kasoro, akabonyeza kitufe. Malango yakafunguka.