Nyufa za Bakuli la Jarra

Noelene Pascoe alipofiwa na mumewe, Keith, hakulia sana. Alisema miaka arobaini na moja ya kumsikiliza mtu akikoroma ilikuwa matanga ya kutosha. Keith akachomwa, majivu yakaletwa ndani ya kopo la plastiki, Noelene akaliweka juu ya friji, karibu na chakula cha paka.

Keith aliacha pia gogo la jarra, mti mgumu wa huku Australia, jekundu lililokolea hadi kukaribia weusi. Kwa miaka tisa alisema atalikereza liwe bakuli. Kwa miaka tisa alilikalia akinywa bia.

Basi Noelene akalileta kwenye banda letu la wakerezaji, tunaochonga vyombo vya mti kwa mashine, hapa mjini Yarrabin. Mimi ndiye katibu. Mwenyekiti wetu, Lindsay Trott, akamwambia, "Karibu, Noelene. Jiko liko kule nyuma."

"Najua liliko. Chai yangu iwe na maziwa kidogo."

Lindsay akaenda kupika chai.

Noelene alijifunza miezi miwili. Siku ya kwanza patasi ilinasa kwenye gogo lililokuwa likizunguka mashineni, kipande cha mti kikaruka na kuvunja dirisha. Siku ya tatu kingine kilichukua miwani ya Lindsay. Lakini mkono wake ulitulia, na bakuli likatoka jembamba, laini, limeharibiwa na nyufa tatu tu. Nikamshauri azijaze gundi iliyochanganywa na unga wa kahawa, kama tufanyavyo sisi.

"Kahawa yangu nainywa," akasema. "Nina kitu kimekaa bure nyumbani."

Kwenye maonyesho ya mji, mwamuzi alikuwa Lindsay. Alilishika bakuli lile, akapitisha kidole gumba juu ya nyufa, zilizong'aa kijivu kama fedha.

"Umezijaza vizuri kweli. Umetumia nini?"

"Keith."

Lindsay akaliweka bakuli chini polepole. Akajifuta kidole kwenye suruali, kisha akaona haya, maana alikuwa amemfuta rafiki yake wa kuvua samaki.

"Kanuni zinataka kazi ya mtu mmoja," akasema.

"Ni ya mmoja. Keith hakuwahi kufanya kazi."

Tulicheka wote, hata mchungaji wa kanisa letu. Noelene naye alicheka, halafu akalivuta bakuli kifuani.

"Alilitaja sana hili bakuli, Lindsay," akasema. "Niliona vibaya kumwacha nje."

Lindsay akavua kofia. Akampa nafasi ya pili. Ya kwanza alimpa binamu yake, kama kawaida. Noelene akasema Keith hajawahi kufika juu namna ile.

Sasa bakuli liko mezani kwake, limejaa machenza. Kila Jumapili anatualika chakula. Mimi nayala machenza yale. Lindsay huja na yake mfukoni.